Yan Zhenqing na Rasimu Iliyoshinda Miandiko Safi

Katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kasri mjini Taipei, kisiwani Taiwan, kumehifadhiwa kipande cha karatasi chenye kimo cha sentimita 28 hivi na urefu wa sentimita 75 hivi. Kimeandikwa kwa brashi na wino mweusi, na alama zake zinapita 200 kidogo. Mwanafunzi wa shule zetu akimpelekea mwalimu wake kazi ya namna hiyo, yamkini atarudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu na kuamrishwa aiandike upya. Maneno yamekatwa, mengine yamechomekwa kando, mistari inapinda, na wino umefurika mahali hapa na kukauka mahali pale. Hata hivyo, Wachina, ambao kwa karne nyingi wameihesabu sanaa ya mwandiko kuwa ya juu kuliko hata uchoraji, wamekiweka kipande hicho katika daraja la pili la ubora miongoni mwa kazi zote za aina yake. Aliyekiandika ni Yan Zhenqing, aliyezaliwa mwaka wa 709 na kuuawa mwaka wa 785.

Je, taifa lenye makhatati wengi wa kupigiwa mfano lingewezaje kuienzi rasimu iliyochafuka kiasi hicho? Jibu limo katika maisha ya mtu mwenyewe, na ni jibu linalotuhusu sisi tunaofundisha watoto kuandika.

Kabla ya kumfikia, hatuna budi kueleza kwa ufupi sanaa aliyoitumikia. Kichina huandikwa kwa alama, na aghalabu kila alama husimamia silabi moja yenye maana yake. Alama hujengwa kwa mipigo ya brashi, na mipigo hiyo hufuata utaratibu maalumu: upi hutangulia, upi hufuata, upi hufunga. Msomaji anayeujua utaratibu huo aweza kuuandama mkono wa mwandishi hatua kwa hatua, hata kama mwandishi alifariki miaka 1,000 iliyopita. Brashi nayo ni chombo kisichojua kuficha siri. Mkono ukisita, wino huvimba karatasini. Ukiharakisha, nywele za brashi hutawanyika na kuacha michirizi ya weupe. Kwa hiyo mwandiko wa Kichina huyabeba maneno na pia hubeba mwendo wa aliyeyaandika.

Kufikia enzi ya nasaba ya Tang, iliyotawala tangu mwaka wa 618 hadi 907, hati kuu tano zilikuwa zimekwisha kukomaa: hati ya kale ya mihuri, hati ya makarani, hati sanifu ambayo kila mpigo wake husimama peke yake, hati ya mwendo ambayo mipigo yake huanza kuungana, na hati ya mbio ambayo alama nzima yaweza kuandikwa bila kuinua brashi. Bingwa aliyetukuzwa kuliko wote alikuwa Wang Xizhi wa karne ya 4. Utangulizi aliouandika mwaka wa 353 kwa mashairi ya karamu ya Lanting ndio uliowekwa katika daraja la kwanza la hati ya mwendo. Mfalme Taizong wa Tang, aliyetawala tangu mwaka wa 626 hadi 649, alimpenda Wang mno, hata ikasimuliwa kwamba alizikwa na karatasi asili ya utangulizi huo. Basi kijana aliyetamani cheo alijitahidi kuandika kama Wang: mwandiko mwepesi, mwembamba, ulioinama kidogo upande mmoja kwa madaha.

Yan Zhenqing alizaliwa Chang'an, mji mkuu wa Tang, ambao leo huitwa Xi'an. Ukoo wake ulikuwa wa wanazuoni kizazi baada ya kizazi. Yan Zhitui, babu yao wa karne ya 6, aliwaachia wanawe kitabu mashuhuri cha mawaidha ya malezi na elimu. Yan Shigu, ndugu wa baba wa babu yake, alikuwa mfasiri mkubwa wa maandiko ya kale. Lakini elimu si mali. Baba yake Zhenqing alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akabaki na mzigo wa malezi. Inasimuliwa kwamba karatasi na wino vilipokosekana nyumbani, mtoto huyo alikoroga udongo wa manjano na kuufanyia mazoezi ukutani. Ukuta ukijaa huoshwa, kisha kazi huanza upya.

Baba yake mkubwa, Yan Yuansun, alishiriki katika kumfunza. Mzee huyu anastahili kutajwa mbele ya walimu wa lugha, kwa kuwa alitunga kitabu kilichozipanga alama za Kichina katika makundi matatu: zilizo sahihi kabisa, zinazokubalika, na zinazotumiwa na watu wa kawaida. Sisi tuliolelewa katika mijadala ya usanifishaji wa Kiswahili tutaona kwamba suala la lugha rasmi na lugha ya mtaani si la jana wala juzi. Mwaka wa 774 Zhenqing alikiandika kitabu hicho kwa mkono wake ili kichongwe kwenye jiwe, wasomaji wapate kielelezo kisichofutika.

Alifaulu mtihani wa juu wa utumishi wa serikali mwaka wa 734. Alijifunza pia kwa Zhang Xu, bingwa wa hati ya mbio aliyesifika kwa kuandika akiwa amelewa. Ni ajabu kwamba mwalimu mwenye mkono wa tufani alimlea mwanafunzi ambaye mkono wake ungekuja kufananishwa na ukuta wa ngome. Serikalini Yan alikuwa mkaguzi wa mienendo ya maofisa. Husimuliwa kwamba alipofika wilaya moja ya mpakani iliyokumbwa na ukame, alizikata kesi za watu waliofungwa kwa dhuluma, na mara mvua ikanyesha. Wenyeji waliiita mvua ya mkaguzi. Iwe ni kweli au ni hekaya, twaona watu wa kawaida walivyomhesabu.

Watu wa aina hiyo hawadumu karibu na wakubwa wanaopenda kusifiwa. Mwaka wa 753, waziri mkuu Yang Guozhong alimwondoa mji mkuu na kumpeleka kuwa liwali wa Pingyuan, kaskazini-mashariki. Eneo hilo lilikuwa chini ya kivuli cha An Lushan, jemadari aliyekuwa na majeshi makubwa ya mpakani na aliyependwa kupita kiasi na mfalme Xuanzong. Yan alinusa uasi. Akisingizia mvua nyingi, aliamuru kuta za mji zitengenezwe na mahandaki yachimbwe. Akawahesabu vijana wenye nguvu na kuyajaza maghala nafaka. Wakati huohuo aliwaalika washairi, akapanda nao mashua, wakanywa na kutunga mashairi, ili wapelelezi wa An Lushan wamwone kuwa msomi tu asiye na habari.

Desemba mwaka wa 755 uasi ulilipuka. Wilaya za kaskazini zilianguka moja baada ya nyingine bila kupigana, na inaelezwa kwamba mfalme alilalamika kwa kukosa hata mtu mmoja mwaminifu katika wilaya 24. Ndipo mjumbe wa Yan alipofika na habari kwamba Pingyuan imesimama. Mfalme alistaajabu, kwani hata sura ya liwali huyo hakuikumbuka.

Waasi walipouteka mji wa Luoyang, walituma vichwa vya maofisa watatu waliouawa huko vitembezwe ili kuwatia watu hofu. Yan aliwaambia wasaidizi wake kwamba anawajua maofisa hao na kwamba vichwa hivyo si vyao. Akamwua mjumbe, akavificha vichwa. Hofu ilipopungua alivitoa, akavitengenezea miili ya majani, akavizika kwa heshima na kuomboleza hadharani. Kimoja kilikuwa cha Lu Yi. Msomaji alihifadhi jina hilo, maana litarudi.

Nduguye Yan Gaoqing, mwana wa Yan Yuansun, alikuwa liwali wa Changshan. Kijana wa Gaoqing, Jiming, ndiye aliyepeleka na kurudisha habari baina ya ndugu hawa wawili. Kwa hila na ushujaa Gaoqing aliitwaa njia muhimu ya milimani, na wilaya 17 zikarudi upande wa serikali. Lakini mapema mwaka wa 756 waasi waliuzingira mji wake. Ofisa mwenye jeshi huko Taiyuan, ambaye angeweza kuwaokoa, hakupeleka askari hata mmoja. Changshan ilianguka. Jiming alikatwa kichwa. Gaoqing alipelekwa Luoyang, akamtukana An Lushan usoni mpaka alipouawa kwa mateso makali. Zaidi ya watu 30 wa ukoo wao waliangamia.

Yan Zhenqing aliendelea kupigana. Ili kumthibitishia jemadari mmoja wa mbali kwamba ana nia thabiti ya kushirikiana naye, alimtoa rehani mtoto wake wa kiume wa pekee, aliyekuwa na umri wa miaka 10 na ushei. Mwishoni mwa mwaka huo alilazimika kuuacha mji, akavuka Mto Manjano na hatimaye kufika kwa mfalme mpya, Suzong.

Mwaka wa 758 Quanming, kaka yake Jiming, alitumwa kuitafuta mifupa ya jamaa. Alichokipata cha ndugu yake kilikuwa kichwa tu. Mwezi wa 9 wa kalenda ya Kichina, Yan alikaa chini kutunga maneno ya tambiko la kumwomboleza kijana huyo. Alikuwa akiandika rasimu. Hakuwa na haja ya uzuri, kwa maana nakala safi ingefuata baadaye. Rasimu hiyo ndiyo karatasi ya Taipei.

Atakayeisoma kwa kuufuata mkono atayaona yafuatayo. Mistari ya mwanzo, yenye tarehe na vyeo vya mwandishi, imetulia. Anapomkumbuka kijana alivyokuwa, mwendo unaongezeka. Anapolifikia lile jambo la ofisa aliyekuwa na askari asiwatoe, na mji mpweke uliozingirwa, mkono unavurugika: maneno yanakatwa, yanaandikwa tena, yanakatwa tena. Kuelekea mwisho alama zinapanuka na kukimbia, brashi imekauka na bado inaburutwa, kana kwamba mwandishi hataki kusimama hata kuichovya wino. Haya yote hayakukusudiwa kuwa sanaa. Mtu aliyekuwa ameuzoeza mkono wake kwa miaka 40 tangu kwenye ukuta wa udongo alipozidiwa na huzuni, mkono uliendelea wenyewe. Mafunzo hayakuizuia huzuni, na huzuni haikuyavunja mafunzo.

Uasi ulipokwisha mwaka wa 763, Yan alipewa cheo cha Bwana wa Lu, lakini ulimi wake haukupata kuwa laini. Mwaka wa 764 alimwandikia waziri mmoja barua ya kumkemea kwa kupanga viti vya karamu rasmi kwa namna ya kumtukuza towashi mwenye nguvu kuliko kanuni zilivyoruhusu. Rasimu ya barua hiyo nayo imekuwa mojawapo ya vielelezo vikuu vya hati ya mwendo. Mwaka uliofuata hivi, akiwa ofisa mkubwa, aliandika barua nyingine fupi ya kumwomba mwenzake mchele. Nyumba yake nzima ilikuwa imeishi kwa uji kwa miezi kadhaa, na sasa uji wenyewe umekwisha. Mtu wa cheo chake ambaye hakujaza ghala alikuwa nadra wakati huo, na si wengi wakati wowote.

Waziri mkuu Yuan Zai alimfukuza mji mkuu mwaka wa 766. Kwa miaka kama 10 Yan alitumikia mikoani, na miaka hiyo ya kutengwa ndiyo iliyokomaza hati yake sanifu. Akiwa liwali wa Huzhou aliwakusanya wanazuoni, miongoni mwao Lu Yu, mtunzi wa kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu chai, wakakamilisha kamusi ya vina yenye juzuu 360. Kwa masikitiko yetu sisi wanaisimu, kamusi hiyo ilipotea.

Ni nini hasa alichokibadilisha? Tuyatazame mawe mawili. La Pagoda ya Duobao alilichorea maandishi mwaka wa 752, na alama zake ni nadhifu, zimebanana, zinatii desturi ya wakati wake. La baba wa babu yake, Yan Qinli, ni la mwaka wa 779, alipokuwa amekaribia miaka 70. Hapa alama zimesimama wima na kumkabili msomaji uso kwa uso. Mipigo ya wima ni minene na imejipinda kidogo kwa nje, kama nguzo zilizobeba paa; ya mlalo ni myembamba. Ncha ya brashi imefichwa ndani ya mpigo, ili nguvu itoke katikati na isitoke ukingoni. Ule mwinamo wa madaha wa Wang Xizhi umetoweka. Jiwe hilo lilifukiwa kwa karne nyingi hadi lilipogunduliwa tena Xi'an mwaka wa 1922, na leo yote mawili yamo katika makumbusho ya Msitu wa Mawe mjini humo. Watoto wengi wa Kichina huanza kushika brashi kwa kuigiza alama za jiwe hilo la Yan Qinli.

Mwisho wake ulifanana na mwandiko wake. Waziri mkuu mpya alikuwa Lu Qi, mwana wa yule Lu Yi ambaye Yan alikizika kichwa chake. Yan alimkumbusha jambo hilo kwa matumaini ya kutendewa utu, lakini Lu Qi alizidi kumchukia. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Mwaka wa 783 jemadari Li Xilie alipoasi, Lu Qi alimshauri mfalme amtume Yan, mzee wa miaka zaidi ya 70, akamnasihi. Kila mtu alijua kwamba anapelekwa kufa. Njiani aliombwa asiende, naye akajibu kwamba amri ya mfalme haikwepeki. Barua yake kwa wanawe iliwataka waitunze hekalu la mababu na kuwalea yatima wa ukoo.

Kambini vijana wa Li Xilie walimzunguka na panga wakimtisha, hakubadilika uso. Alichimbiwa shimo, akasema kama kufa ni kufa, upanga mmoja ungetosha. Uliwashwa moto na akaambiwa asipoinama atupwe humo. Akauendea mwenyewe, wakalazimika kumvuta nyuma. Aliahidiwa uwaziri mkuu. Akawakumbusha habari za nduguye Gaoqing. Alijiandikia tanzia yake mwenyewe, akangoja. Hatimaye alijiwa na towashi aliyedai kuleta amri ya kumuua. Yan alidhani imetoka Chang'an, akasujudu na kukubali. Alipouliza mjumbe aliondoka Chang'an siku gani, ikabainika kwamba ametoka kwa waasi. Mzee akasimama, akakataa kuiita amri, akamwita huyo mwasi. Alinyongwa.

Vizazi vilivyofuata vilimgeuza kipimo. Katika karne ya 11 Ouyang Xiu na Su Shi waliutukuza mwandiko wake pamoja na uadilifu wake. Si wote waliokubaliana nao: Mi Fu, bingwa wa wakati huohuo, aliiona hati sanifu ya Yan kuwa imelazimishwa mno, ingawa aliistahi ile barua ya viti. Karne kadhaa baadaye, Wamanchu walipoiangusha nasaba ya Ming mwaka wa 1644, msomi Fu Shan aliiacha hati laini ya Zhao Mengfu aliyokuwa ameigiza ujanani, kwa kuwa Zhao, mtu wa ukoo wa wafalme wa Song, alikuwa amewatumikia Wamongolia walioipindua Song. Akachagua kumwigiza Yan. Na mwaka wa 2019 rasimu ya Taipei ilipoazimwa kwa maonyesho jijini Tokyo, watu wengi wa China na Taiwan walikasirika, wakihofia kwamba karatasi hiyo dhaifu ingeharibika safarini.

Mimi kama mwanaisimu siamini kwamba tabia ya mtu husomeka katika umbo la herufi zake. Wapo walaghai wenye hati za kuvutia, na wapo waadilifu ambao maandishi yao hayasomeki. Wachina walilolifanya ni jambo jingine: walijiuliza mtoto anayeketi kila siku kuigiza mkono wa mtu aigize mkono wa nani. Walijua kwamba anayeigiza hati kwa miaka mingi huuliza pia habari za mwenye hati. Samaki mkunje angali mbichi, nao walimkunja kwa kielelezo cha mtu aliyekataa kuinama.

Kwa walimu wetu liko funzo la pili. Tumezoea kulipa alama daftari safi na kuliadhibu lenye makato. Mtoto hujifunza upesi kwamba kukata neno ni aibu, basi huandika lile analolijua tayari na hathubutu kulitafuta lililo bora. Sasa kompyuta na simu zimeongeza jambo: neno likifutwa halibaki hata kovu, na mwalimu huletewa ukurasa mweupe usiomwonyesha mahali mwanafunzi alipofikiri na mahali alipochukua kazi ya mwingine. Tuziitishe rasimu. Tuzisome kabla ya nakala safi, na tuyatilie maanani makato yake, maana hapo ndipo akili ya mwanafunzi ilipofanya kazi. Na tumhimize mwanafunzi afanye mazoezi hadi mkono uzoee, hata kama ukuta wa udongo ndio daftari lake, ili siku atakapokuwa na jambo zito la kusema, mkono usimwangushe.